Silaha za leza na maikrowevu: maswali ninayoulizwa kila wiki hapa Moshi

Nafundisha fizikia, mchana shuleni na jioni tuisheni. Tangu zile video za droni zinazodunguliwa kwa leza zianze kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp haipiti wiki sijaulizwa, kuanzia wanafunzi, wazazi, dereva wa daladala mpaka mangi ninayenunua kwake mkate. Nimekusanya yale yanayojirudia. Sio lazima usome kwa mfuatano, pale jibu linapogusa swali lingine nimekuelekeza.

## Mambo ya mwanzo

Silaha ya nishati ni kitu gani hasa?

Ni silaha inayomdhuru mlengwa kwa nishati yenyewe, bila kumrushia kitu. Mkuki unasafiri, risasi inasafiri, kombora linabeba baruti mpaka kwa mlengwa, hizo zote ni familia moja. Hii nyingine inakusanya nishati, inaielekeza upande mmoja na kuituma kama mwanga au mawimbi, basi, hamna chuma kinachoruka.

Aina kubwa ni tatu. Kuna leza, ambayo ni mwanga. Kuna maikrowevu, mawimbi ya ukoo mmoja na yale ya redio na simu. Halafu kuna miale ya chembe, yaani vipande vya atomu vilivyokimbizwa kwa kasi kubwa mno. Wengine wanaingiza na vipaza sauti vikali vya kufukuza watu, mimi naviacha pembeni kwa sababu sauti ni hewa inayotikisika, fizikia yake ni nyingine.

Zipo kweli au ni mambo ya kwenye muvi?

Zipo. Mwaka 2014 jeshi la majini la Marekani lilifunga leza ya kilowati 30 kwenye meli ya USS Ponce na kuipeleka Ghuba ya Uajemi, kazi yake ikiwa ni droni na boti ndogo. Januari 2024 Uingereza ilitangaza kwamba leza yao inayoitwa DragonFire imepiga shabaha za angani kwenye majaribio kule Scotland. Israel wana Iron Beam, ya kilowati 100 hivi. Ila kati ya "zipo" na "zinafanya kila unachokiona kwenye muvi" pana umbali mrefu sana, na sehemu kubwa ya ukurasa huu ni kuhusu huo umbali.

Leza ina tofauti gani na tochi kali?

Simama Mbuyuni siku ya soko uangalie watu wanavyotoka, kila mtu na njia yake, kila mtu na mwendo wake, hiyo ndo tochi. Mwanga wake una rangi nyingi zilizochanganyika na unatawanyika kila upande. Sasa kumbuka gwaride uwanjani, mguu mmoja, mstari mmoja. Leza ni hivyo, rangi moja, mawimbi yanayokwenda kwa hatua moja, na kwa sababu hiyo unaweza kuubana mwanga wote kwenye doa dogo hata ukiwa mbali. Tochi ya wati 5 haichomi kitu, leza ya wati 5 inawasha kiberiti na kumharibu mtu jicho kabla hajapepesa.

Ule mwale mwekundu unaoonekana kwenye muvi ni wa kweli?

Hapana. Leza nyingi za kijeshi za siku hizi zinatumia infraredi, ambayo jicho halioni kabisa, na mlio hamna. Ukiangalia video ya kweli utaona droni inaruka kawaida, ghafla kipande chake kinaanza kung'aa, kinatoa moshi, bawa linakatika na inaanguka. Inatisha zaidi ya muvi kwa sababu hakuna kinachoonekana kikija.

## Historia

Ni kweli Archimedes alichoma meli za Warumi kwa vioo?

Stori inasema Warumi walipouzingira mji wa Syracuse, uliokuja kuanguka mwaka 212 kabla ya Kristo, Archimedes alikusanya mwanga wa jua kwa vioo akachoma merikebu zao. Tatizo ni kwamba Polybius, mwanahistoria aliyeishi karibu zaidi na tukio, anaeleza mitambo ya Archimedes ya kurusha mawe na kunyanyua meli lakini vioo vya moto havitaji. Stori ya vioo inakuja kutokea karne nyingi baadaye. Mimi naiona ni hadithi.

Ila wazo lenyewe sio la kijinga. Mwaka 1747 Mfaransa Buffon alipanga vioo zaidi ya 100 na kuchoma mbao zilizopakwa lami umbali wa karibu mita 50. Mwaka 2005 wanafunzi wa MIT Marekani nao wakawasha mfano wa meli kwa vioo, umbali wa mita 30 hivi, lakini kwa meli iliyotulia, jua kali na subira. Merikebu ya vita hailali tuli ikusubiri. Hapo tayari una matatizo mawili makubwa ya hizi silaha mpaka leo, mlengwa anayehama na hali ya hewa.

Kabla ya leza watu walikuwa wanatafuta nini?

"Mwale wa kifo." Miaka ya 1920 na 1930 magazeti ya Ulaya na Marekani yalijaa habari zake. Mwingereza Harry Grindell Matthews alidai mwaka 1924 kwamba anao, serikali ikataka aonyeshe kwa masharti yake yenyewe, hakukubali. Nikola Tesla naye mwaka 1934 alitangaza wazo la kurusha chembe kwa kasi kubwa ili kuangusha ndege, halikujengwa.

Hapa pana kisa ninachokipenda kuliko vyote, kila mwaka nakihadithia kidato cha nne. Wizara ya anga ya Uingereza ilikuwa imeahidi pauni 1,000 kwa yeyote atakayeua kondoo kwa mwale umbali wa yadi 100, hakutokea mtu. Mwaka 1935 wakamuuliza mtaalamu wa redio Robert Watson-Watt kama mwale wa kifo unawezekana. Yeye akampa msaidizi wake Arnold Wilkins hesabu bila kumwambia ni ya nini: ili kupasha joto painti 8 za maji, kutoka nyuzi 98 hadi 105 za Farenhaiti, yakiwa juu kilomita moja na umbali wa kilomita 5, inahitajika nguvu ya redio kiasi gani? Painti 8 ni kama lita nne na nusu. Angalia hizo nyuzi, 98 ni joto la mwili wa binadamu na 105 ni homa kali. Wilkins akajua mara moja kwamba hayo "maji" ni damu ya rubani. Akapiga hesabu, nguvu iliyohitajika ilikuwa kubwa mno, haiwezekani. Lakini akaongeza kwamba ndege huwa zinarudisha kidogo mawimbi ya redio, kwa hiyo unaweza kuzigundua kabla hazijafika. Tarehe 26 Februari 1935 wakajaribu karibu na Daventry kwa kutumia mtambo wa BBC, na ndege ikaonekana. Hiyo ndo rada ya Uingereza ilivyoanza, imetokana na mtu aliyefanya hesabu kwa uaminifu na kukubali jibu lililomwambia hapana.

Nani alitengeneza leza ya kwanza?

Theodore Maiman, California, tarehe 16 Mei 1960, kwa kipande cha rubi. Msingi wake aliuweka Einstein mwaka 1917 aliposema mwanga unaweza kuichochea atomu itoe mwanga unaofanana nao kabisa. Maiman alitumia fimbo ndogo ya rubi iliyozungushiwa taa ya fleshi kama ya kamera, basi. Majeshi yakaja fasta. Kufikia 1964 Kumar Patel, mzaliwa wa India, akiwa maabara ya Bell, alishapata leza ya kaboni dayoksaidi, ya aina ambayo mpaka leo inakata mbao na akriliki kwenye karakana.

Kama ilianza 1960, mbona imechukua miaka yote hii?

Kwa sababu leza zenye nguvu za zamani zilikuwa viwanda vya kemikali. Ile ya Marekani iliyoitwa MIRACL, iliyowashwa mara ya kwanza mwaka 1980, ilifika nguvu ya megawati lakini ilifanya kazi kama injini ya roketi, unachoma kemikali za sumu, gesi inayotoka ndo inatoa mwanga. Huwezi kuifunga kwenye lori na kwenda nayo porini.

Machi 1983 Rais Reagan alitangaza mpango wa kujikinga na makombora ya nyuklia, ule uliobatizwa "Vita vya Nyota". Ndani yake kulikuwa na mradi wa Excalibur uliosukumwa na Edward Teller, leza ya eksirei inayopata nguvu kutoka kwenye bomu la nyuklia lenyewe, yaani unalipua bomu angani ili upate mwale. Haukufika popote. Wasovieti nao walikuwa na eneo la majaribio la Sary Shagan kule Kazakhstan, Marekani ikaliogopa kwa miaka mingi, halafu mwaka 1989 Wamarekani walipoalikwa kuingia wakakuta leza ndogo sana kuliko walivyodhani.

Jaribio kubwa kuliko yote lilikuwa kuweka leza ya kemikali ndani ya Boeing 747. Februari 2010 ile ndege, YAL-1, iliangusha kweli kombora la balistiki likiwa linapanda. Mradi ulikuwa umekula kama dola bilioni 5, na bado ulifungwa mwishoni mwa 2011. Waziri wa ulinzi Robert Gates alishaeleza sababu, ili ifike kwenye makombora ya Iran ingebidi ndege hiyo kubwa izunguke ndani ya anga ya Iran kwenyewe, au leza yake iongezwe nguvu mara 20 hadi 30.

Kilichobadilisha mambo ni leza za nyuzi za kioo, ndugu wa zile za viwandani zinazokata mabati. Zinatumia umeme tu, unaunganisha nyingi zinakuwa mwale mmoja. Na mlengwa naye kabadilika, badala ya kombora la nyuklia ni droni ya plastiki.

## Sayansi yenyewe

Mwanga una kasi kuliko kitu chochote, sasa kwa nini leza inachukua sekunde kadhaa kuangusha droni?

Kufika inafika papo hapo, kuchoma ndo kunachukua muda. Nilipokuwa mdogo kihambani Kibosho babu alikuwa na lenzi ya kusomea Biblia, asubuhi tukiiiba tunakwenda nayo nyuma ya banda la ng'ombe na jani kavu la mgomba. Unasogeza lenzi juu chini mpaka doa la jua linakuwa dogo kama punje ya mtama, jeupe kiasi cha kuumiza macho. Mkono ukitikisika doa linahama na jani halifanyi kitu. Ukiutuliza, unahesabu moja, mbili, tatu, inatoka harufu, halafu uzi mwembamba wa moshi, halafu jani linatoboka na tundu lina ukingo mweusi unaotambaa. Leza ya kivita inafanya kazi hiyohiyo, na mkono usiotikisika ndo sehemu ngumu, maana droni inakwenda, upepo unaisukuma, na doa lazima libaki palepale kwenye bawa kwa sekunde zote hizo.

Hesabu kidogo. Kuyeyusha kilo moja ya aluminiamu kutoka joto la kawaida kunahitaji karibu megajuli moja. Leza ya kilowati 100 inatoa hiyo kwa sekunde 10, tena kama joto lote lingeingia, na haliingii lote. Bahati nzuri kwao hawahitaji kuyeyusha droni nzima, wakichoma kamera au kiungo cha bawa inatosha.

Ukitaka kuipata hiyo nguvu kichwani, fikiria birika la umeme la kilowati 2, linachemsha lita moja kwa dakika mbili na nusu mpaka tatu. Leza ya kilowati 30 ni mabirika 15 kama hilo yaliyobanwa kwenye doa la mfuniko wa soda. Ni nyingi, lakini sio radi ya kwenye muvi.

Mawingu, mvua na vumbi vinaizuia?

Vinaizuia sana, na sisi tunaoishi chini ya mlima tuna namna rahisi ya kuelewa. Saa kumi na mbili asubuhi Kibo inaonekana hadi mikunjo ya barafu, saa tano imejifunika na huwezi hata kuonyesha iko upande gani. Mlima haujahama, ni matone madogo ya maji yaliyotawanya mwanga. Infraredi ya leza hizi ni jirani wa mwanga tunaouona, kwa hiyo kama macho yako hayaoni mlengwa kwa sababu ya wingu, leza nayo haitampata. Vumbi jekundu la kiangazi, la njia ya Kisongo kwenda Monduli kwa mfano, linafanya hivyohivyo.

Hata hewa safi sio rafiki. Umeshaona lami ya barabara ya Arusha mchana inavyoonekana kama ina maji kwa mbali, na vitu vinacheza? Hewa moto na hewa baridi zinapinda mwanga tofauti, nyota kumeta usiku ni inshu hiyohiyo. Wahandisi wanapambana nayo kwa vioo vinavyojikunja mara mamia kwa sekunde ili kunyoosha kilichopindwa. Kuna na tatizo jingine, mwale ukiwa mkali sana unaipasha joto hewa unayopita, hewa hiyo inageuka lenzi mbovu na kuutawanya mwale wenyewe. Kwa hiyo kuongeza nguvu peke yake wakati mwingine kunakurudisha nyuma.

Inafika umbali gani?

Hata bila wingu mwale lazima upanuke, ni tabia ya mawimbi, hakuna fundi wa kuiondoa. Kwa infraredi ya kawaida na kioo cha kurushia cha sentimita 30, ukifika kilomita 5 doa haliwezi kuwa dogo kuliko sentimita 4 hivi. Kilomita 50 doa linakuwa sentimita 40, eneo limekuwa mara 100, kwa hiyo joto kwenye kila sentimita limebaki moja ya mia. Dawa ni kioo kikubwa zaidi, na kioo kikubwa ni kizito. Ndo maana kazi halisi leo ni ya kilomita chache.

Halafu leza inakwenda mstari ulionyooka. Mzinga unaweza kurusha kombora likapita juu ya kilima, leza haiwezi. Ukiwa kileleni Uhuru, mita 5,895, siku isiyo na wingu upeo wako ni kama kilomita 270, lakini kilichojificha nyuma ya Meru kimejificha.

Kwa nini wanasema ni rahisi wakati inagharimu mabilioni?

Mtambo ni ghali, "risasi" ndo rahisi. Waingereza wanasema kila mpigo wa DragonFire ni chini ya pauni 10, Wamarekani walikuwa wanataja kama dola moja kwa ile ya USS Ponce, kwa sababu unalipia umeme tu. Kombora la kuzuia linaanzia makumi ya maelfu ya dola na mengine yanapita milioni, na unalitumia kuangusha droni ambayo imetengenezwa kwa bei ya pikipiki. Hiyo hesabu ndo inawakimbiza wote.

Ila umeme lazima uwepo. Leza nzuri inageuza kama theluthi moja ya umeme kuwa mwanga, kwa hiyo ya kilowati 100 inataka kama kilowati 300, na zile 200 zilizobaki zinakuwa joto ndani ya mtambo wako mwenyewe, usipozipooza unajichoma. Meli ina jenereta kubwa na bahari nzima ya kupoozea, ndo maana wanamaji walitangulia.

Nikifunga kioo kwenye droni si mwale utarudi?

Hili kila darasa linaniuliza na ni swali zuri. Kioo kizuri kinarudisha asilimia 95 hivi, lakini hiyo 5 iliyobaki ya nguvu kubwa bado inakipasha joto. Punje ya vumbi juu ya kioo inaungua, inaacha doa jeusi, doa jeusi linanyonya zaidi, linapanuka, na hapo kioo kimekwisha. Droni inayoruka kwenye vumbi na wadudu haikai safi. Unajipatia sekunde za ziada, na kama kuna wingu karibu huenda zikakutosha.

## Maikrowevu

Silaha ya maikrowevu ni kama jiko la maikrowevu?

Ni ukoo mmoja. Moyo wa jiko ni kifaa kinachoitwa magnetroni, na ile iliyoleta mapinduzi ilitengenezwa na Randall na Boot kule Birmingham mwaka 1940 kwa ajili ya rada. Mwaka 1945 Percy Spencer, fundi wa Marekani, alikuwa karibu na mtambo wa rada, pipi mfukoni ikayeyuka, jiko likazaliwa hapo. Kwa hiyo kilichoko jikoni kwa watu leo kimetoka vitani.

Silaha zenyewe mara nyingi hazilengi kupika kitu, zinalenga vifaa vya umeme. Waya ndani ya droni unayapokea mawimbi kama antena, umeme usioalikwa unapita kwenye chipu, chipu inachanganyikiwa au inakufa. Faida yake ni kwamba mwale ni mpana, kundi zima la droni linaweza kuanguka pamoja, na mawingu hayausumbui kama yanavyoisumbua leza. Hasara ni upana huohuo, nguvu inapungua haraka kwa umbali na vifaa vya rafiki yako navyo viko hatarini.

Ule "mwale wa maumivu" wa kutawanya watu ni kweli?

Ni kweli, Marekani wanao, unatumia mawimbi ya gigahezi 95. Mawimbi hayo yanaingia kwenye ngozi kama nusu milimita tu, palepale zilipo neva za maumivu, mtu anahisi kama kafungua mlango wa tanuri na anakimbia. Waliupeleka Afghanistan 2010 wakaurudisha bila kuutumia. Mwaka 2007 mwanajeshi wao mmoja aliungua daraja la pili kwenye jaribio. Mimi kinachoniogopesha ni mtu asiyeweza kukimbia, mzee, mlemavu, mtu aliyebanwa kwenye umati, huyo anapata dozi nzima.

Bomu linalozima umeme wa nchi nzima nalo ni la kundi hili?

Ni jirani, sio lenyewe, kwa sababu halielekezwi, linamwaga kila upande. Julai 1962 Marekani ililipua bomu la nyuklia la megatani 1.4 juu ya bahari ya Pasifiki, kilomita 400 kwenda juu, jaribio la Starfish Prime. Hawaii iko umbali wa kilomita 1,400 na zaidi kutoka pale, taa za barabarani kama 300 zikazima. Satelaiti kadhaa ziliharibika baadaye, mojawapo ni Ariel 1 ya Uingereza.

Na miale ya chembe?

Bado ni maabara. Chembe zenye chaji zinasukumana na kupindwa na usumaku wa dunia, zisizo na chaji zinakufa zikigonga hewa. Julai 1989 Marekani walirusha mtambo mmoja kwa roketi, ukatoa mwale juu angani, ukafanya kazi, lakini silaha haikutoka.

## Ya kwenye magrupu

Moto wa Hawaii 2023 uliwashwa na leza? Mbona miti ilibaki na magari yakayeyuka?

Hapana. Moto wa Lahaina wa tarehe 8 Agosti 2023 uliua watu zaidi ya 100, na uchunguzi ulikuta ulianza kwenye nyaya za umeme zilizokatwa na upepo mkali kisha zikarudishiwa umeme. Miti mibichi imejaa maji, mtu yeyote aliyewahi kupikia kuni mbichi anajua. Rimu za gari ni aluminiamu, inayeyuka nyuzi 660 za Selsiasi, na nyumba inayoungua inapita hapo kirahisi. Kuna familia zilipoteza watu wao kule, kuwatungia leza ni kuwaongezea uchungu.

Na ule moto wa Kilimanjaro wa Oktoba 2020 naulizwa pia. Usiku tulikuwa tunauona mstari mwekundu mlimani tukiwa hapa mjini, siku nyingi. Taarifa za awali za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, zilitaja moto wa wapagazi waliokuwa wanapasha chakula. Kiangazi, upepo na majani makavu vinatosha. Vijana wa Mweka na mamia ya wananchi walipanda kuuzima kwa matawi na majembe, wao ndo wanastahili kuzungumzwa.

Minara ya simu inaweza kugeuzwa silaha?

Haiwezi. Antena ya mnara inatoa nguvu ya makumi ya wati, mara chache zaidi, na inaisambaza eneo kubwa, ukiwa chini kinachokufikia ni kidogo sana kuliko jiko la maikrowevu lenye wati 800 ndani ya boksi lililofungwa. Kumbuka pia hesabu ya Wilkins kule kwenye historia. Mwenye wasiwasi na mnara wa mtaani kwake, Tume ya Nguvu za Atomu wako Njiro Arusha, kupima mionzi ndo kazi yao.

Ile treni ya taa angani usiku?

Ni satelaiti za intaneti za Starlink, siku chache baada ya kurushwa zinakuwa bado zimejipanga mstari.

Wanadiplomasia wa Marekani kule Havana walipigwa na maikrowevu?

Kuanzia 2016 walilalamika kusikia sauti kali, kizunguzungu na kuumwa kichwa. Jopo la wanasayansi mwaka 2020 lilisema maikrowevu ni maelezo yanayowezekana kwa baadhi ya visa, halafu 2023 mashirika mengi ya ujasusi ya Marekani yakasema uwezekano wa adui kuhusika ni mdogo sana. Watu waliumwa kweli, chanzo bado wanabishana.

## Macho

Sheria ya kimataifa inaruhusu leza za kupofusha watu?

Inakataza. Tarehe 13 Oktoba 1995, Vienna, nchi zilipitisha itifaki ya kupiga marufuku leza zilizotengenezwa makusudi ili kupofusha mtu moja kwa moja, ikaanza kazi 30 Julai 1998. Msalaba Mwekundu waliipigania sana. Mwaka huohuo wa 1995 China ilikuwa imeshaonyesha mtambo wake wa ZM-87 kwenye maonyesho ya silaha, kwa hiyo haikuwa hofu ya mbali. Ni moja ya silaha chache mno zilizokatazwa kabla hazijazoeleka vitani. Haikatazi leza ya kuchoma droni, wala ya kumzuga mtu macho kwa muda.

Kalamu za leza zinazouzwa kwa machinga ni hatari?

Ndiyo, na kwangu hili ni kubwa kuliko droni zote. Jicho ni lenzi, linaukusanya mwanga mpaka ukifika kwenye retina unakuwa mkali kama mara 100,000. Kalamu inayofaa kuonyeshea ubaoni haitakiwi kuzidi miliwati 5 hata kidogo, na nyingi za kijani zinazidi bila kuandikwa. Tena za kijani zinaanza kama infraredi ndani, kichujio kikikosekana infraredi inatoka nje. Mwaka 2010 watafiti wa NIST, taasisi ya viwango na vipimo ya Marekani, walipima moja ya bei rahisi wakakuta inatoa infraredi kuliko kijani, na kwa kitu usichokiona jicho halipepesi.

Nina dogo mmoja wa kidato cha pili, aliwekeana dau la mandazi na mwenzake nani ataangalia leza ya kijani muda mrefu. Alishinda, alihesabu mpaka nane. Hakusikia maumivu yoyote kwa sababu retina haina neva za maumivu. Baada ya siku tatu nikamsimamisha asome ubaoni, nilikuwa nimeandika MWANGA, akafunga jicho la kushoto akasoma "M... A", katikati akasema pana ukungu. Nilifuta ubao nikaandika kubwa zaidi, ikawa vilevile.

Na msielekeze angani, hasa upande wa uwanja wa ndege wa KIA, rubani anayetua akimulikwa kioo chote cha mbele kinageuka kijani.

Mwanangu kamulikwa leza machoni, nifanye nini?

Usimsugue, usimwekee dawa yoyote ya dukani. Mfunike jicho moja moja asome maandishi madogo, au aangalie mistari ya daftari la hesabu, akikuambia mistari imepinda au kuna doa katikati mpeleke kliniki ya macho siku hiyohiyo, hospitali ya KCMC hapa Moshi wana idara ya macho. Hata akisema anaona vizuri mpeleke ndani ya siku chache, kwa sababu kwa nje jicho linaonekana zima kabisa, jeraha linaonekana tu daktari akilitanua kwa dawa na kuangalia retina. Nenda na ile kalamu yenyewe, usiitupe, daktari atataka kujua ni rangi gani na imeandikwa miliwati ngapi.